Lugha Isiyosemwa Hupotea: Neno kwa Wazazi Wakati wa Likizo

Desemba ya mwaka juzi binti wa jirani yangu alirudi nyumbani kutoka shule ya sekondari, naye alikuwa amejifunza Kifaransa mwaka mzima. Mvua zilikuwa zimeanza, na mahindi yalitaka palizi. Daftari lake likawekwa darini, naye akashika jembe pamoja na wenziwe. Aliporudi darasani mwezi wa Januari, mwalimu alimwuliza kwa Kifaransa jina lake na kwao ni wapi, naye akasimama kimya mbele ya wenzake. Aliona haya hata akataka kuliacha somo lile. Baba yake akanijia, akasema, "Mwalimu, mimi sijui hata neno moja la lugha hiyo. Ningemsaidiaje mtoto?"

Swali hilo ni la haki. Nami nataka kulijibu kwa habari za zamani, maana watu wa Nyanda za Juu Kusini wamekwisha kuona jinsi lugha ya shule inavyokaa na jinsi inavyopotea.

Katika mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na mwaka ule ule wamisionari wa Berlin nao walianza kazi katika nchi ya Wanyakyusa. Mwaka 1894 jeshi la Wajerumani liliiteka Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, karibu na Iringa. Katika shule nyingi za misioni watoto walifundishwa kwa lugha za kwao, na serikali ilitumia Kiswahili katika kazi zake nyingi. Kijerumani chenyewe walifundishwa wanafunzi wachache tu. Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Tukuyu, iliyoitwa siku zile Neu-Langenburg, na baadaye Iringa. Tangu hapo aliyejifunza Kijerumani hakuwa na boma la kukisemea, wala barua ya kukiandikia. Jina lile Neu-Langenburg likasahauliwa, na lugha ikaondoka pamoja nalo.

Walakini yako maneno ya Kijerumani ambayo hata bibi asiyejua kusoma huyasema. La kwanza ni "shule". La pili ni "hela", nalo latokana na sarafu ya Wajerumani iliyoitwa heller, iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu yenyewe haipo tena sokoni, bali jina lake limebaki midomoni mwetu. Je, ni kwa nini maneno haya yamekaa, na mengine mengi yamepotea? Si kwa sababu ni mepesi kuliko mengine. Ni kwa kuwa watu waliyatamka kila siku, asubuhi wakiwapeleka watoto kusoma, na mchana wakinunua chumvi.

Kifaransa nacho kina shahidi wake kati yetu. Wataalamu wa lugha husema ya kuwa neno "divai" limetokana na maneno ya Kifaransa "du vin". Wakristo wengi walisemao Mezani pa Bwana hawajui kwamba watamka Kifaransa.

Tena yuko mtu mmoja wa kutufunza zaidi. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wao aliyefuata baadaye, Padre Charles Sacleux, alikusanya maneno ya Kiswahili na ya lahaja zake. Alirudi kwao Ufaransa, mbali na pwani yetu, lakini hakuiacha kazi ile. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilichapwa Paris mwaka 1939. Basi twaona ya kuwa hata mtu aliye mbali na wasemaji wa lugha aweza kuishika, kama anayo kazi ya kufanya nayo.

Labda mzazi atauliza, "Kifaransa chatufaa nini huku kwetu?" Atazame barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ipitayo Iringa, Makambako na Mbeya hata Tunduma. Malori mengi hayaishii mpakani, bali huvuka Zambia yakafika Lubumbashi katika Kongo. Huko watu wasema Kiswahili kama sisi, bali lugha ya ofisi na ya shule ni Kifaransa, tangu enzi ya Wabelgiji iliyokwisha mwaka 1960. Kijana mwenye lugha zote mbili aweza kupata kazi njiani mle.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Nilimshauri mambo matatu, na yote huweza kufanywa na mzazi asiyejua Kifaransa.

Kwanza, mtoto asome kwa sauti. Katika Kifaransa herufi nyingi za mwisho wa neno huandikwa lakini hazitamkwi, kwa hiyo kusoma kwa macho tu hakutoshi. Na ichaguliwe habari ambayo nyumba yote yaijua, kama ile ya mwana mpotevu katika Luka 15. Mtoto asome Kifaransa, baba ashike Biblia ya Kiswahili na kuuliza, "Mstari huu wasemaje?" Hapo baba amekuwa msaidizi wa kweli.

Pili, mtoto ahesabu viazi au mahindi kwa Kifaransa. Hesabu zao ni za ajabu kidogo: sabini ni "sitini na kumi", na themanini ni "ishirini nne". Ndugu zetu wa Kongo husema "septante" kwa sabini, na "nonante" kwa tisini. Mtoto ajue namna zote mbili.

Tatu, amfundishe mdogo wake majina ya vitu vya jikoni: maji, moto, chumvi, sufuria. Maana afundishaye hujifunza mara mbili.

Haya yote hayataki zaidi ya robo saa baada ya chakula cha jioni, wala hayaliibii jembe saa zake. Likizo ya Juni, wakati wa mavuno, jirani yangu alifanya hivyo. Nilipita kwake jioni moja nikasikia kicheko: baba alikuwa akijaribu kutamka themanini. Shule zilipofunguliwa, binti yule aliulizwa tena jina lake na kwao. Hakujibu kwa ufasaha mwingi, lakini alijibu, wala hasemi tena habari za kuliacha somo.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndugu mzazi, likizo ikija, usiliache daftari darini.