Baridi ya Ikonda na joto la mitambo

Mwezi Juni hapa Makete watu wanajifunika mablanketi, lakini ndani ya vyumba vya mitambo viyoyozi vinanguruma. Kwa nini tulipie umeme wa kupoza wakati baridi iko nje bure?

Joto linatoka wapi?
Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Kwa mtambo wa kurushia matangazo, sehemu ya umeme hupanda kwenye antena na unaobaki huwa joto. Mtambo unaokula wati 1,500 na kurusha wati 1,000 unaacha wati 500 chumbani, sawa na nusu ya pasi ya wati 1,000, usiku na mchana.

Matumizi yanapimwaje?
Vituo vya data hugawanya umeme wote wa jengo kwa umeme unaotumiwa na kompyuta peke yake. Jibu likiwa 2, nusu ya umeme inaishia kwenye kupoza, taa na hasara nyingine. Likikaribia 1, ni vizuri. Kituo cha Taifa cha Data kiko Kijitonyama, Dar es Salaam, kwenye joto na unyevunyevu, hivyo kupoza kwa hewa ya nje pekee ni vigumu. Ikonda, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, feni inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Basi tufungue dirisha?
Hapana. Vumbi la kiangazi huziba feni. Mtambo uliozimwa usiku hupoa na kushika unyevu wa ukungu. Ukiwashwa hivyohivyo unaweza kuungua. Tena, mgandamizo wa hewa huku ni karibu asilimia 80 ya ule wa pwani. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, kwa hiyo feni iwe kubwa zaidi.

Tufanye nini?
Hewa baridi iingie chini, mbele ya mitambo, ikipitia chujio linalosafishwa mara kwa mara. Hewa ya moto itokee juu, nyuma, zisichanganyike. Kama kiyoyozi ni lazima, usikiweke nyuzi 18. Chama cha wahandisi cha ASHRAE, Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27.

Umeme ukikatika, faida inaonekana papo hapo: betri ambazo hazilishi kiyoyozi zinatuweka hewani muda mrefu zaidi.