Kabla ya Risasi Kulikuwa na Kiasi

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja, anayejiandaa kuwa mkalimani wa mahakama, aliniuliza swali lililonikwamisha. "Mwalimu, shahidi akisema aliokota risasi tano, ameokota nini hasa?" Nilitaka kumjibu chapuchapu, kumbe jambo lenyewe si jepesi. Huenda ni risasi nzima ambazo hazijafyatuliwa, maganda matupu, au vipande vilivyochomolewa ukutani. Kifungo cha mtu chaweza kutegemea tofauti hiyo.

Hebu turudi nyuma. Neno risasi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: ile metali nzito, laini, inayoyeyuka upesi motoni. Enzi za gobore, risasi ilikuwa tonge la madini hayo tu. Aliyejifunza kushindilia gobore alishika vitu vitatu mbalimbali: baruti, risasi na fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa. Alimimina baruti mtutuni, akatia risasi, akaishindilia kwa mdeki mpaka ikalala barabara juu ya baruti. Fataki ilitiwa mwisho kabisa, maana cheche ikitangulia, mkono ulioshika mdeki ndio ungeumia.

Hatari kubwa ilikuwa katika kipimo. Baruti ikizidi, au mtu akisahau kwamba ameshashindilia akashindilia tena, mtutu uliweza kupasuka. Usidhani ni wanagenzi tu waliokosea. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000. Kwa mujibu wa hesabu ya jeshi, takriban 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na kama nusu ya hizo zilishindiliwa mara mbili. Katika hofu na kelele zile, askari hakujua kwamba bunduki yake haikulia.

Njia moja ya kupunguza makosa ilikuwa kupima baruti mapema na kuifunga katika karatasi pamoja na risasi yake, ya kufyatua mara moja. Kifurushi hicho kiliitwaje kwa Kiswahili? Kamusi kongwe zinatupa jibu: kiasi, wingi viasi. Ndilo neno lilelile la kipimo. Baadaye ganda la shaba likachukua nafasi ya karatasi, fataki nayo ikaingizwa humo humo, na jina risasi likameza kitu kizima.

Hata hivyo, vile viungo vya zamani bado vipo. Huko Marekani wako walenga shabaha wanaojaza upya maganda yaliyotumika. Mwanagenzi wao hufunzwa kuweka aina moja tu ya baruti mezani, kuipima kwa mizani, kisha kumulika kila ganda kabla ya kutia risasi, lisiwepo lililojazwa mara mbili. Kipimo chao ni punje, na punje 7,000 hufanya ratili moja. Mambo ni yaleyale ya gobore.

Sisemi kwamba neno kiasi litarudi redioni kesho kwa maana hiyo. Ila nilimshauri mwanafunzi wangu asiitafsiri risasi ya shahidi kabla ya kuomba ruhusa ya kuuliza: ilikuwa na ganda? Ilikuwa imefyatuliwa? Maswali hayo mawili hayamalizi hata dakika, na aliye kizimbani hatayaona kuwa madogo.