Igizo na Malezi ya Tabia

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio linalokumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini Azimio lilikuwa na neno jingine: mtu asiingie Chuo Kikuu kwa alama za mtihani peke yake, bali kwanza afanye kazi, na mwenendo wake ushuhudiwe kazini na chamani. Kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtawala. Nia ilikuwa njema. Walakini barua ya sifa huweza kuandikwa kwa upendo au kwa chuki. Tena hushuhudia tabia, haiilei. Sharti lile lililegezwa, kisha likaachwa. Swali likabaki: tabia njema hufunzwaje?

Elimu ya Kiislamu ina jibu la kale. Hadithi iliyopokewa kwa Umar bin al-Khattab yaeleza kuwa Jibrili alimjia Mtume kwa sura ya mgeni mwenye nguo nyeupe, akauliza kama mwanafunzi juu ya Uislamu, imani na ihsani, hali majibu aliyajua. Masahaba wakajifunza kwa kuyasikiliza mazungumzo ya wawili hao. Husimuliwa pia kisa cha Hasan na Husein walipomwona mzee akikosea udhu. Hawakumkemea. Walijifanya kushindana, wakamwomba awe mwamuzi, na kila mmoja akatawadha mbele yake. Mzee akatambua kuwa mwenye kosa ni yeye. Kosa likaondoka, heshima ikabaki.

Hapo ndipo ulipo ubora wa igizo. Karipio humwonyesha mtu kosa lake mbele ya watu. Igizo humpa nafasi ya kujiona mwenyewe. Wako wahofuo kuwa kujifanya ni uongo. Uongo hukusudia kumpoteza mtu. Igizo la wajukuu wale lilikusudia kumwongoza, na mwisho wake likajifunua lenyewe.

Basi mtoto wa madrasa, awe wa Musoma au wa Bunda, akiigiza muuza dagaa apunjaye mizani, na kesho yake akawa mnunuzi aliyepunjwa, sura ya Qurani iwaonyayo wapunjao huacha kuwa maneno ya kukariri tu. Lakini mchezo ukiisha bila ya mwalimu kumwuliza kila mmoja aliona nini moyoni mwake, hubaki kicheko. Tabia haikai katika karatasi. Hukaa katika mkono ushikao mizani.