Gambia: Nani Ailinde Nchi Ndogo?

Ukiitazama Gambia kwenye ramani, utaona nchi iliyokatwa kuufuata mto. Kutoka Atlantiki inaingia bara kwa zaidi ya kilomita 300, lakini upana wake haufiki kilomita 50 sehemu nyingi. Ukiacha pwani yake fupi, imezungukwa na Senegal kila upande. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 11,000, na katika Afrika bara hakuna nchi ndogo kuliko hiyo. Nchi ya namna hii haiwezi kulikwepa swali la ulinzi: nani ailinde, na mlinzi huyo amtii nani? Kila kizazi cha watawala wa mto huo kimelijibu kwa namna yake, na mara nyingi jibu la leo ndilo lililozaa matatizo ya kesho.

Ngome isiyo na maji

Kabla ya Wazungu, mto Gambia ulikuwa njia kuu ya biashara ya falme za Wamandinka zilizofungamana na dola ya Mali, kisha na Kaabu. Ufalme wa Niumi, uliokaa kwenye mlango wa mto upande wa kaskazini, ulitoza ushuru vyombo vilivyoingia. Wareno walifika katikati ya karne ya 15. Mwaka 1651 watu wa Courland, utawala mdogo uliokuwa katika Latvia ya leo, walijenga ngome kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto. Miaka 10 baadaye Waingereza waliiteka na kukiita kisiwa hicho James. Leo kinaitwa Kunta Kinteh, na tangu 2003 kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kisiwa hicho hakikuwa na maji ya kunywa. Askari waliokaa nyuma ya mizinga walilazimika kuyafuata maji na kuni bara, na huko mwenye kauli alikuwa mfalme wa Niumi, aliyedai ushuru wake. Mizinga iliwakinga Waingereza na washindani wao Wafaransa wa Albreda, ng'ambo tu ya maji, wote wakigombea pembe, nta na watu waliouzwa utumwani. Dhidi ya mwenye visima haikufua dafu.

Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ilihitaji kituo cha kuzizuia merikebu zilizoendelea kusafirisha watu. Mwaka 1816 mji wa Bathurst, Banjul ya leo, ukaanzishwa kwenye mlango wa mto. Tangu miaka ya 1830 karanga ndizo zilizobeba uchumi, na wanunuzi wakubwa walikuwa Wafaransa. Haishangazi kwamba katika miaka ya 1860 na 1870 London ilijadiliana na Paris namna ya kubadilishana Gambia na ardhi nyingine. Wafanyabiashara wa Bathurst walipinga kwa nguvu na mpango ukakwama.

Mkataba wa tarehe 10 Agosti 1889 ulichora mpaka wa takriban kilomita 10 kila upande wa mto. Waliouchora walifuata kona za maji. Mashamba, malisho na koo za watu hazikuwahusu. Kwa Senegal, matokeo yake yalikuwa jimbo la Casamance kutengwa na sehemu nyingine ya nchi, na msafiri wa kutoka Dakar ama alilazimika kupita Gambia ama kuzunguka mbali.

Uhuru bila jeshi

Siasa za kudai haki zilianzia mjini. Edward Francis Small aliwaunganisha wafanyakazi wa Bathurst na kuongoza mgomo mkubwa wa 1929. Watu wa vijijini, ambao ndio waliokuwa wengi, walisubiri hadi 1960 kupata haki ya kupiga kura. Aliyeivuna nguvu yao alikuwa Dawda Jawara, daktari wa mifugo aliyesomea Glasgow, ambaye kazi ya kutibu ng'ombe ilikuwa imemfikisha vijiji vingi. Chama chake cha PPP kilishinda uchaguzi wa 1962, nchi ikawa huru tarehe 18 Februari 1965, na mwaka 1970 ikawa jamhuri.

Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, palibuniwa utaratibu ambao Gambia imeutumia hata katika uchaguzi wa 2021. Mpiga kura hupewa gololi moja ya kioo. Nyuma ya pazia yamepangwa mapipa ya chuma, kila moja limepakwa rangi ya mgombea na kubandikwa picha yake. Gololi hutumbukizwa kwenye mrija na kugonga kengele iliyomo ndani, huku mchanga au unga wa mbao ukiipokea chini isitoe mlio wa pili. Wasimamizi walioketi nje husikiliza: mlio mmoja, kura moja. Ndiyo maana baiskeli hazitakiwi karibu na kituo. Kura zikishapigwa, gololi humwagwa kwenye ubao wenye matundu ya idadi inayojulikana na kuhesabiwa mbele ya mawakala.

Jawara aliongoza bila jeshi, akitegemea polisi. Alisifika kwa kuheshimu haki za binadamu, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, uliopitishwa Nairobi mwezi Juni 1981, hujulikana pia kwa jina la Banjul. Mwezi mmoja baadaye, akiwa London kwenye harusi ya Charles na Diana, Kukoi Samba Sanyang na baadhi ya askari wa kikosi cha polisi cha Field Force walijaribu kuipindua serikali. Senegal ilituma majeshi na kumrudisha madarakani. Mamia ya watu walikufa.

Msaada huo ulikuwa na bei yake. Tarehe 1 Februari 1982 shirikisho la Senegambia lilianza, Abdou Diouf wa Senegal akiwa rais na Jawara makamu wake. Dakar ilitaka forodha iwe moja. Banjul ilisitasita, kwa sababu riziki ya wafanyabiashara wake ilitokana na ushuru mdogo: mchele, sukari na vitambaa vilishushwa bandarini kwa bei nafuu, kisha vikavuka mpaka kuingia Senegal. Shirikisho lilivunjika mwaka 1989.

Hata hivyo, katika miaka hiyo Gambia ilikuwa imeunda jeshi lake, ili yaliyotokea 1981 yasijirudie. Tarehe 22 Julai 1994 jeshi hilohilo, likiongozwa na Luteni Yahya Jammeh mwenye umri wa miaka 29, lilimpindua Jawara. Safari hii askari wa Senegal hawakuja.

Miaka 22 na gololi

Jammeh alitawala kwa hofu. Mwezi Aprili 2000 wanafunzi walioandamana walipigwa risasi. Desemba 2004 mhariri Deyda Hydara aliuawa. Hata ujirani ulichezewa: mwaka 2016 serikali ilipandisha ghafla ada ya malori ya kigeni, na madereva wa Senegal wakajibu kwa kufunga njia kwa miezi kadhaa.

Katika uchaguzi wa tarehe 1 Desemba 2016 wapinzani walimsimamisha Adama Barrow kwa umoja, naye akashinda. Jammeh alikubali matokeo hadharani, kisha wiki moja baadaye akageuka. Barrow aliapishwa tarehe 19 Januari 2017 katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka, na siku mbili baadaye Jammeh akaondoka kwenda Guinea ya Ikweta. Nguvu ilitoka nje tena, lakini tofauti na 1981, sasa ilikuja kutetea hesabu ya kura.

Tume ya ukweli ilisikiliza wahanga hadharani kuanzia 2019. Mwaka huohuo daraja la Farafenni lilifunguliwa, likaunganisha kingo mbili za mto na kuipa Casamance njia. Novemba 2019 waziri wa sheria Abubacarr Tambadou, aliyewahi kufanya kazi katika mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda mjini Arusha, aliifikisha Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa niaba ya Warohingya, jamii ya wachache wa nchi hiyo. Nchi isiyo na ubavu wa kijeshi iliishika sheria kama silaha.

Nyumbani kazi imekuwa ngumu zaidi. Katiba ya 1997, iliyotungwa enzi za Jammeh, haiweki ukomo wa mihula ya urais. Rasimu mpya iliyouweka ilikwama bungeni Septemba 2020 kwa kukosa robo tatu ya kura, na mwaka uliofuata Barrow akachaguliwa tena chini ya katiba ileile. Majirani waliweza kumtoa Jammeh ikulu, lakini sheria ya kumzuia Jammeh mwingine ni lazima ipitishwe na wabunge wa Banjul wenyewe.