Kuganda kwa kivinjari

Kuganda kwa kivinjari ni hali ambapo programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Google Chrome, Mozilla Firefox au Microsoft Edge, inaacha kuitikia amri za mtumiaji ingawa dirisha lake bado linaonekana. Programu ikifungika yenyewe ghafla, husemwa kuwa imejifunga. Mara nyingi hali hizo mbili zina asili moja.

Kuganda na mtandao wa polepole

Katika miji iliyo mbali na pwani, kama vile Tabora, Nzega na Urambo, watu wengi hupata intaneti kwa bando la simu, hivyo ni rahisi kudhani kwamba kivinjari kimeganda kumbe mtandao ndio mzito. Njia ya kutofautisha ni kufungua menyu ya kivinjari au kichupo kipya. Vikifunguka, kivinjari ni kizima. Kukifunga na kukifungua tena kunamaliza bando tu. Visipofunguka, ijaribiwe programu nyingine. Nayo ikikwama, tatizo liko kwenye kompyuta yenyewe.

Sababu

* *Uhaba wa RAM.* Tangu ilipotolewa mwaka 2008, Chrome hugawa kurasa katika michakato mbalimbali ili ukurasa mmoja ukiharibika usiangushe mingine. Faida hiyo hugharimu kumbukumbu nyingi. RAM ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi.
* *Viendelezi.* Hizi ni programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari. Moja yenye kasoro yaweza kukwamisha kivinjari chote.
* *Programu zilizopitwa na wakati.* Kompyuta nyingi za mtumba bado zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Toleo la mwisho la Chrome linalofanya kazi humo ni la 109.
* *Kukatika kwa umeme.* Kompyuta ikizimika wakati kivinjari kinaandika mafaili yake, mafaili hayo huweza kuharibika.
* *Joto na vumbi.* Wakati wa kiangazi, vumbi huziba feni. Prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yake ili isiungue.
* *Programu hasidi*, ambazo huenezwa pia kwa flashi.
* *Kasoro ya watengenezaji.* Mnamo Machi 2021 sasisho la WebView, sehemu ya Android inayoonyesha kurasa ndani ya programu nyingine, lilisababisha programu nyingi za simu kujifunga duniani kote hadi Google ilipotoa marekebisho.

Utatuzi

Inafaa kuanza na hatua nyepesi.

1. Subiri dakika moja au mbili. Kurasa nzito huweza kurudi zenyewe.
2. Katika Chrome kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja, kisha funga ukurasa unaotumia kumbukumbu nyingi. Kivinjari chote kikiwa kimeganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc ili kukifunga kwa nguvu.
3. Zima kompyuta na kuiwasha upya.
4. Fungua kurasa katika hali fiche, ambayo kwa kawaida haitumii viendelezi. Tatizo likitoweka, zima viendelezi vyote, kisha washa kimoja kimoja hadi mkosaji apatikane.
5. Futa akiba kwa Ctrl, Shift na Delete. Chagua picha na mafaili ya akiba tu, bila kugusa manenosiri. Baada ya hapo kurasa zitapakuliwa upya na kutumia bando zaidi.
6. Sasisha kivinjari na mfumo wa uendeshaji.
7. Hifadhi alamisho, kisha tengeneza wasifu mpya. Kusakinisha kivinjari upya huku wasifu wa zamani ukibaki huenda kusisaidie, kwa kuwa mafaili mabovu hubaki humo.

Kuokoa kazi

Hasara kubwa hutokea mtu anapojaza fomu, kama vile ya kuomba udahili wa chuo au mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kubonyeza Ctrl, Shift na T baada ya kufungua kivinjari upya huweza kurudisha vichupo, lakini maandishi ya fomu hayarudi sikuzote. Ni salama kuandika maelezo marefu kwanza katika programu ya maandishi na kuyahifadhi. Kivinjari kikijifunga wakati wa malipo, kumbukumbu namba ya malipo ihakikiwe kabla ya kulipa tena.

Katika kompyuta za steshenari kuna hatari nyingine. Kivinjari kinaporejesha vichupo baada ya kujifunga, huweza kufungua pia akaunti ya mteja aliyeondoka. Kwa hiyo mteja hapaswi kuondoka kabla ya kukifungua tena na kutoka katika akaunti yake.