Mizani ya Al-Khazini na Roboti wa Berkeley



Huenda umeletewa ile habari inayozunguka kwenye makundi: akili mnemba imegundua maada mpya milioni 2.2, elimu ya karibu miaka 800 kwa mpigo mmoja. Wako wanaoisambaza kwa mshangao, na wako wanaoisambaza kwa hofu. Nakuomba kabla ya kuipeleka mbele usimame kwenye neno moja tu, neno "imegundua". Wanazuoni wetu walizoea kutenganisha dhana na yakini, na kisa hiki chote kimekaa katikati ya hayo mawili.

Tarehe 29 Novemba 2023 jarida la Nature lilitoa makala mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya Google DeepMind, na hiyo ndiyo yenye ile milioni 2.2. Ukiisoma utaona kwamba hiyo ni mipangilio ya atomu iliyokokotolewa na kompyuta, na kati yake kama 380,000 ndiyo iliyoonekana kuwa imara. Katika hiyo, 736 ilikuwa imeshatengenezwa na watafiti wengine kwa njia zao. Iliyobaki ni hesabu. Ni hesabu nzuri, lakini hujaishika mkononi.

Makala ya pili ndiyo iliyogusa mikono. Ilitoka maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, kwenye kundi la Profesa Gerbrand Ceder. Walijenga chumba wakakiita A-Lab. Roboti anapima unga wa kemikali, anauchanganya, anautia kwenye tanuri, kisha anaupeleka kwenye mashine ya eksirei itazame ndani umekuwa nini. Programu iliyosomeshwa maelfu ya makala za zamani ndiyo inayopendekeza kipimo na joto, na jaribio likishindikana inapendekeza jingine. Hakuna anayelala wala anayekwenda kula. Kwa siku 17 mfululizo walilenga maada 58, wakatangaza wamepata 41.

Usidhani haraka hii imeanza leo. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionesha kwamba nitrojeni ya hewani inaweza kufungwa na haidrojeni ikawa amonia, lakini kichocheo chake kilikuwa osmiamu, madini adimu mno duniani. Kampuni ya BASF ikamkabidhi kazi Alwin Mittasch: tafuta kingine cha bei nafuu. Bwana huyu hakukaa akingoja ilhamu. Aliunda mitungi midogo ya majaribio, kila mmoja unatiwa gramu chache tu, ikafanya kazi mingi kwa pamoja. Katika miaka michache walipima vichocheo kama 2,500 kwa majaribio yapatayo 6,500. Jibu likatoka kwenye mawe ya chuma ya Gällivare, Sweden, tena si kwa sababu ya chuma peke yake, bali uchafu kidogo uliokuwamo ndani yake! Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Ule mfuko wa urea anaobeba mkulima wa Mbeya au Eldoret nasaba yake inarudi kwenye mitungi ile.

Lakini Mittasch alikuwa na raha moja ambayo A-Lab haikuwa nayo. Yeye aliuliza swali jepesi kuhakikiwa: amonia imetoka au haikutoka? Roboti wa Berkeley aliulizwa zaidi ya hapo: hiki ulichokipika ni nini hasa, na je, hakijawahi kuwepo?

Hapo ndipo hoja zilipoanza. Robert Palgrave wa University College London, Leslie Schoop wa Princeton na wenzao waliyapitia majibu ya eksirei moja baada ya jingine, na mwaka 2024 wakachapisha hukumu yao: hakuna hata maada moja mpya iliyogunduliwa pale.

Sababu yao kubwa nitakueleza kwa mfano. Chukua safu ya swala. Kompyuta inapanga Juma, Ali, Juma, Ali, kila mtu mahali pake, na mpangilio huo ni mpya kweli. Lakini tanuri likishika moto, atomu za metali mbili zinazofanana hubadilishana nafasi, Juma akakaa kwa Ali. Ukishachanganya namna hiyo, mara nyingi unachokipata ni kitu cha zamani ambacho kimeshaandikwa vitabuni. Tofauti ya viwili hivyo kwenye eksirei huwa ni vijialama hafifu, na programu ilivipita. Wakosoaji walisema theluthi mbili ya yaliyotangazwa yana uwezekano mkubwa wa kuwa ya namna hiyo.

Ceder naye alijibu, na tumfanyie uadilifu: lengo, alisema, lilikuwa kuonesha chumba kinachojiendesha chenyewe, na binadamu anaweza kuchambua eksirei vizuri zaidi ya mashine yao. Jibu lina ukweli. Ila ukisema hivyo, umekubali kwamba kutengeneza kumekwenda mbio na kuhakiki kumebaki nyuma.

Na kuhakiki ndiyo elimu ngumu. Al-Biruni, karne ya 11, alitengeneza chombo cha maji chenye umbo la pia ili kujua metali au kito kina uzito gani kwa ujazo wake. Vito viwili vyekundu machoni ni kimoja, majini vinaachana. Mwaka 1121 al-Khazini, huko Merv, akayahifadhi matokeo hayo katika Kitabu cha Mizani ya Hikma, na kwa mizani ya maji akatenganisha dhahabu safi na iliyochanganywa na fedha bila kuikata.

Utaniuliza, yanatuhusu nini sisi? Muulize mchimbaji wa Kolwezi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walipata maada ya betri yenye kobalti, na leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Mwaka 1997 maabara yake huyo huyo, safari hii Texas, ikatangaza betri ya chuma na fosfeti, isiyohitaji kobalti kabisa. Magari mengi ya umeme sasa yanatembea na hiyo. Ugunduzi wa kweli mmoja unapandisha na kushusha riziki ya mji mzima. Sasa fikiria mtu anakuletea orodha ya 380,000, na kila mstari ungali unasubiri kupimwa.