R-12, R-134a na Corolla ya 1991

Leo kompyuta tuziweke kando kidogo tuzungumzie gari, ingawa wenye kuandika programu mtakitambua kisa hiki haraka: ni matoleo ya zamani na mapya yasiyoelewana.

Mimi hukaa Kitale na kila wiki huteremka Bungoma kikazi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Alfajiri ukitoka Kitale unahitaji hita, maana kioo cha mbele hujaa ukungu hata usiione bodaboda iliyo mbele yako. Mchana Bungoma unataka kiyoyozi. (Wanaokumbuka Webuye kabla kiwanda cha Pan Paper hakijafungwa 2009 wanajua sababu nyingine ya kufunga madirisha!) Corolla yangu ya 1991 niliinunua ikiwa haina hita wala kiyoyozi kinachofanya kazi.

Hita ni jambo jepesi. Haina moto wake. Huazima maji ya moto ya injini na kuyapitisha kwenye redieta ndogo nyuma ya dashibodi. Tatizo ni desturi yetu ya kung'oa themostati, kile kidude chenye nta kinachofunga njia ya maji mpaka injini ipate joto. "Hiyo ni ya nchi za baridi, mkubwa," fundi anakwambia. Ikishang'olewa injini haifiki joto lake, mafuta yanaliwa zaidi, na hita inapuliza hewa vuguvugu. Nilirudisha themostati ya nyuzi 82, nikabadilisha redieta ndogo iliyokuwa ikivuja, basi.

Kiyoyozi ndicho chenye historia. Packard ya Marekani ilitangaza gari lenye kiyoyozi 1939. Halikuwa na klachi ya kompresa, kwa hiyo kukizima ulisimama, ukafungua boneti na kuvua mkanda. (Mafundi wetu bado hufanya hivyo kompresa ikikwama, ila wao huukata.) Gesi iliyokuja kutawala ilikuwa R-12, ya jamii iliyobuniwa 1928 na Thomas Midgley na wenzake. Haiwaki, haina sumu. Kila mtu akaridhika, mpaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha kwamba klorini yake ikifika juu angani hula tabaka la ozoni.

Mkataba wa kuizuia ulitiwa saini Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Wengi hudhani hayo ni mambo ya Wazungu. Kumbe shirika lililosimamia mazungumzo ni UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, chini ya Mmisri Mostafa Tolba, na sekretarieti ya ozoni iko Gigiri hadi leo. Kenya iliridhia 1988.

Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwaka 1996. Nchi kama yetu zilipewa muda: kupunguza nusu kufikia 2005, asilimia 85 kufikia 2007, na kumaliza 2010. Katikati ya muda huo ndipo magari ya mitumba ya Japani yalipomiminika. Gereji moja ikapokea Corolla ya 1991 yenye R-12 na ya 1995 yenye R-134a, zinazofanana kama kurwa na doto. Tofauti imeandikwa kwenye kibandiko kidogo chini ya boneti, ambacho mara nyingi kimefunikwa na grisi.

Na hapo ndipo pesa hupotea. R-134a haichanganyiki na oili ya madini iliyotumika na R-12. Ukijaza gesi mpya juu ya oili ya zamani, oili inabaki pembeni, kompresa inazunguka kavu, inakufa. Wapo pia wanaojaza gesi ya kupikia! Inapoza, tena vizuri, lakini ikivuja ndani ya gari na cheche ikapatikana, hatutasimuliana. Langu tulilibadilisha taratibu: gesi ya zamani ikavutwa na mashine badala ya kuachiwa hewani, oili ikamwagwa ikawekwa ya esta, kikaushio kipya, raba mpya za viungo, kisha R-134a kwa uzito wa takriban asilimia 80 ya ule wa R-12. Sasa asubuhi nikiwasha hita na kiyoyozi pamoja, ukungu unaondoka upesi, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa.

Lakini R-134a nayo iko njiani kuondoka. Haidhuru ozoni, ila inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kaboni dioksaidi, na Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuipunguza pamoja na jamii yake. Ulaya, tangu 2017 magari mapya hayaruhusiwi kutoka nayo. Mengi hutumia R-1234yf, ambayo viungo vyake vya kujazia ni tofauti na ambayo inaweza kushika moto. Kenya hupokea magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo hayo nayo yameshaanza kustahili kuingia. Fundi wangu wa Bungoma ana mtungi wa gesi wa aina moja tu.